Kinga Inayoanza kwa Aliye na Virusi

  

Leo tunataka kusema juu ya UKIMWI, lakini si kwa namna mliyoizoea. Mara nyingi maneno ya redioni humwelekea yule ambaye bado hajaambukizwa. Leo tunamgeukia yule aliyekwisha kupimwa akaambiwa kwamba virusi vimo katika damu yake. Tunasema naye, na pamoja naye tunasema na mkewe au mumewe, mama yake, na mzee wa kanisa lake.

Swali letu ni hili: mtu aliye na virusi atawezaje kuishi na mwenzi wake, akampenda, hata akazaa naye watoto, bila kumwambukiza? Yako mafundisho yanayotolewa kwa ajili ya jambo hili hasa. Yanatolewa hapa Kwale na kote nchini. Watu wengi huyapata kliniki bila kujua kwamba ni mafundisho, na wasio na virusi hawayajui kabisa. Kwa hiyo tutaeleza yalivyo, na yanavyofanya kazi.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Kwa karibu miaka ishirini baada ya hapo, maneno yote ya kinga yalikuwa kwa wasio na virusi: jiepushe, jilinde, ogopa. Na yule aliyekuwa navyo? Yeye alitajwa kama vile mtu anavyotaja shimo lililo njiani. Watu walionyeshwa shimo, lakini hakuna aliyeongea na shimo. Tusiwalaumu sana waliotutangulia, maana dawa hazikuwapo, na zilipokuja bei yake ilikuwa ya matajiri. Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwaka 1999. Mwaka 2006 malipo ya dawa yaliondolewa katika hospitali za serikali, na hapo ndipo mtu wa kawaida alipoweza kuhesabu miaka ya kuishi badala ya miezi.

Sasa fikiri nasi, ndugu msikilizaji. Kila mara virusi vinapopita kati ya watu wawili wanaolala pamoja, mmoja anavyo na mwingine hana. Tukisema na asiye navyo peke yake, tumesema na nusu ya nyumba. Tena mwenye virusi akijua hali yake na njia ya kujitunza, yeye mmoja anaweza kufanya kazi ambayo matangazo mia hayawezi kuifanya. Lakini sharti ajue. Mwaka 2007 ulifanywa utafiti wa taifa, ikaonekana kwamba kati ya kila watu 100 wenye virusi nchini Kenya, kama 84 hawakujua kuwa wanavyo. Utamfundishaje mtu kulinda mlango ambao hajui kuwa ni wake? Utafiti mwingine wa mwaka 2018 ulionyesha mabadiliko makubwa: karibu 80 kati ya 100 walikuwa wanajua, na kati ya hao wanaojua, 96 kwa 100 walikuwa wanatumia dawa.

Wenye virusi wenyewe ndio waliorekebisha jina la mafundisho haya. Hapo mwanzo yaliitwa tu kinga kwa watu wenye virusi. Wengi hawakulipenda jina hilo, na sisi tunaona walikuwa na haki. Lilisikika kana kwamba mtu huyu hana shida nyingine yoyote ila kuwa hatari kwa wengine. Mwezi wa Aprili mwaka 2009, wajumbe wa mtandao wa dunia wa watu wanaoishi na virusi walikutana na shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI mjini Hammamet, nchini Tunisia, wakapanga maneno upya. Wakatanguliza afya ya mtu, kisha utu wake, ndipo ikaja kinga. Mpango huo mpangilio si mapambo. Mtu asiyehesabiwa kuwa mtu hana sababu ya kumlinda jirani.

Basi mafundisho haya yako namna gani? Usidhani ni hotuba. Mtu akienda kliniki ile ambayo wengi huiita kwa herufi tatu tu, CCC, iwe katika hospitali kubwa ya Msambweni au katika kituo cha afya kilicho karibu na kwake, anakwenda kuchukua dawa. Anapimwa uzito, anaulizwa kama ana kikohozi, vidonge vyake vinahesabiwa. Mafundisho huingizwa papo hapo, katika dakika chache anapokuwa mbele ya muuguzi. Nayo huja kama maswali. Umepata kumwambia mwenzio? Je, yeye amepimwa? Na watoto? Kuna siku uliruka vidonge? Je, una kidonda au usaha sehemu za siri? Mnataka mtoto, au mnataka kupumzika? Mnatumia kondomu? Na mnazi, unakunywa kiasi gani?

Swali la mnazi huwachekesha watu. Lakini lina maana yake. Huku kwetu mnazi unagemwa kila siku wala hauko mbali, na aliyekunywa chupa mbili tatu hakumbuki kidonge cha saa mbili usiku. Wala hakumbuki kondomu. Na swali la kidonda si la udadisi: kaswende na kisonono hufungua njia kwa virusi kupita, na vyote viwili vina tiba.

Mara nyingi baada ya muuguzi mgonjwa hukaa na mtu wa pili. Huyu ni mshauri ambaye yeye mwenyewe ana virusi, ameishi navyo miaka mingi, na sasa anawasaidia wenzake. Huyu hasemi, "Imeandikwa ufanye hivi." Husema, "Mimi nilipomwambia bwana yangu mambo yalikuwa hivi na hivi." Tunadhani huyu mtu wa pili ndiye roho ya kazi nzima, na tutarudi kwake.

Je, maswali haya machache yanabadilisha kitu? Watafiti walilipima jambo hili kwa uangalifu. Walichukua kliniki 18, sita za Kenya, sita za Tanzania na sita za Namibia, wakazigawa kwa kura. Katika kundi moja wahudumu walifunzwa kuuliza na kushauri kila mgonjwa anapokuja. Kundi jingine liliendelea kama kawaida. Wagonjwa 3,522 waliandikishwa. Baada ya miezi 12 ilionekana kwamba katika kliniki zilizofunzwa, watu waliosema kuwa walilala na mtu bila kinga katika majuma mawili yaliyopita walikuwa wachache zaidi kuliko katika zile nyingine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Ni kweli kwamba hayo ni maneno ya wagonjwa wenyewe, maana hakuna aliyekwenda kuchungulia vyumbani. Na watafiti walisema wazi matatizo waliyoyaona: wahudumu waliofunzwa huhamishwa, na foleni ni ndefu. Hata hivyo, dakika tano za mtu mwenye huruma zilionekana kuwa na nguvu.

Sasa tuje kwenye swali lililo gumu kuliko yote, lile la kumwambia mwenzio.

Chukua mfano wa mwanamke wa Ukunda, mwenye mimba ya miezi minne. Amekwenda kliniki ya wajawazito, akapimwa, akaambiwa ana virusi. Mumewe hajapimwa popote. Anafanya kazi hotelini Diani, na kila mwaka masika yakiingia na watalii wakipungua, hana hakika kama atabakizwa. Mwanamke huyu afanye nini usiku ule? Akisema, neno la kwanza atakalolisikia ni hili: "Umeutoa wapi?" Maana kwetu aliyepimwa kwanza huhesabiwa kuwa ndiye aliyeleta. Lakini kupimwa kwanza si kuambukizwa kwanza. Wanawake hupimwa kwanza kwa sababu mimba huwapeleka kliniki, na hakuna mimba inayompeleka mwanamume.

Akinyamaza, ataficha vidonge ndani ya unga au chini ya nguo za mtoto. Atavimeza mumewe akiwa hayupo, na siku mume akishinda nyumbani hatavimeza. Basi kimya chake kinamdhuru yeye, kinamdhuru mtoto aliye tumboni, na kinamdhuru mume mwenyewe. Mume naye labda ana virusi bila kujua, na anazidi kudhoofika. Au labda hana, naye analala kila usiku bila kinga.

Mshauri mwema hamwambii, "Nenda kaseme leo." Kwanza anauliza: "Dada, bwana ana tabia ya kupiga? Kuna mtu wa kwenu aliye karibu? Ukifukuzwa, utalala wapi?" Kama kuna hatari ya kweli, wanangoja na kutafuta njia nyingine. Kama hakuna, wanafanya mazoezi. Ndiyo, mazoezi! Mshauri anajifanya mume, anakunja uso, anauliza umeutoa wapi, na mama anajaribu kujibu bila kulia na bila kutukana. Tunaona hekima nyingi katika jambo hilo dogo.

Njia ziko zaidi ya moja. Mama anaweza kusema mwenyewe. Anaweza kumwomba mume waje wapimwe pamoja, wote wawili wasikie majibu kwa kinywa cha mhudumu, chini ya paa moja. Au mhudumu anaweza kumtafuta mume na kumweleza kwamba inafaa apimwe, bila kutaja jina la mtu yeyote. Njia hii ya tatu ilijaribiwa hapa Kenya kwa utafiti mkubwa, na Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2016. Sharti lake ni hiari ya mama. Asipotaka, haifanywi.

Na wakipimwa pamoja, wengi hushangaa: mara nyingi mmoja anavyo na mwingine hana, ingawa wamelala kitanda kimoja miaka mingi. Watu hudhani jambo hilo haliwezekani, kwa hiyo mume huyachukua majibu ya mkewe kana kwamba ni yake, haendi kupima. Ndugu, usipime kwa damu ya mkeo! Na ikiwa wewe huna na mwenzio anavyo, kipo kidonge cha kinga cha kumeza kila siku. Kilijaribiwa kwa wapenzi na wanandoa 4,747 wa namna hiyo nchini Kenya na Uganda, na matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba kinapunguza sana maambukizo. Serikali ilianza kukitoa kwa watu wengi mwaka 2017. Huwa kama daraja: asiye na virusi anakimeza katika miezi ya kwanza, mpaka dawa za mwenzake zishike.

Hapa wengine huuliza, "Kwa nini sheria isiwalazimishe waseme?" Ilijaribiwa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 ilikuwa na kifungu cha 24, kilichomtaka mwenye virusi amwambie mwenzi wake, na kumtishia kwa kifungo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikifuta kwa kuwa maneno yake hayakuwa wazi. Sheria nyingine ya mwaka 2006, ile ya makosa ya ngono, bado inamwadhibu anayeambukiza kwa makusudi, na hilo ni jambo jingine. Lakini fikiri tishio lile lilimwambia nini mtu ambaye hajapimwa. Lilimwambia kwamba asiyejua hana kosa! Basi kwa nini ajue? Tena sheria hiyo hiyo ya UKIMWI inakataza mtu kulazimishwa kupimwa, na inakataza kutangaza hali ya mwingine bila ruhusa yake. Vifungu hivyo havikufutwa. Anayesimama sokoni Ukunda akisema, "Yule anavyo," ndiye anayevunja sheria.

Tumesema habari za dawa kushika. Tueleze maana yake, kwa kuwa hapa ndipo penye habari njema ambayo wengi bado hawajaisikia.

Virusi huzaana ndani ya damu. Mtu asiyetumia dawa anaweza kuwa na maelfu, hata mamia ya maelfu ya virusi katika mililita moja ya damu. Dawa haziviui vyote. Vingine hujificha mwilini na kulala. Lakini dawa huzuia visizaane, na baada ya miezi michache hesabu hushuka mpaka mashine ya maabara haivioni. Bado vimo, lakini ni vichache mno. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wapenzi na wanandoa 1,763 katika nchi tisa, Kenya ikiwamo, ambao mmoja wao alikuwa na virusi. Wale waliopewa dawa mapema, maambukizo kwa wenzi wao yalipungua kwa asilimia 96. Baadaye watu wa Ulaya wakafuatilia wapenzi 888 ambao mwenye virusi alikuwa amefika hali hiyo ya virusi visivyoonekana. Walilala pamoja mara kama 58,000 bila kondomu. Matokeo yalipotolewa mwaka 2016, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema bila kuzunguka: mwenye virusi visivyoonekana, anayeendelea na dawa zake, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana.

Soma tena maneno hayo kama unayo karatasi mkononi. Si kwamba anaambukiza kidogo. Haambukizi.

Mambo matatu yaambatane na habari hiyo. Hali hiyo haijulikani kwa kujiangalia kwenye kioo, hujulikana kwa kipimo cha wingi wa virusi, kinachotolewa katika kliniki zetu. Pili, kidonge hakizuii kaswende, wala kisonono, wala mimba, kwa hiyo kondomu haijastaafu. Tena kwa mama anayenyonyesha hatari hupungua sana, lakini bado haijafika sifuri. Mama asiache dawa hata siku moja, na mtoto apewe zake kama alivyoelekezwa.

Wako waliohofu kwamba mtu akipata dawa na nguvu zikamrudia, ataacha kujizuia. Walioliangalia jambo hilo ni watafiti wa Mombasa, ng'ambo tu ya kivuko cha Likoni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliokuwa wakitumia dawa hawakuwa wazembe zaidi kuliko wale ambao hawajaanza. Walijilinda vizuri zaidi. Kwetu sisi si ajabu. Aliyerudishiwa uhai huutunza.

Mombasa hiyo hiyo ilitufundisha jambo jingine, na tunaomba mlisikilize vizuri. Wagonjwa 234 waliokuwa wanaanza dawa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja walitakiwa kufika kituoni mara mbili kwa juma, wameze dawa mbele ya mhudumu, wasemezwe, waulizwe hali, waliokosa walifuatwa. Mpango huo uliendelea kwa majuma 24. Katika majuma hayo walimeza dawa zao vizuri kuliko kundi la pili. Kisha mpango ukafika mwisho. Mhudumu hakuwangoja tena, na baada ya muda tofauti kati ya makundi hayo mawili ikapotea. Dawa zilikuwa zile zile na kliniki zile zile. Kilichoondoka ni mtu.

Sasa mnaona kwa nini tulisema tutarudi kwa yule mshauri. Januari mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi ya UKIMWI katika Kenya. Baadaye sehemu ya misaada ilirudi, lakini washauri na waelimishaji wengi waliolipwa kwa fedha hizo walikuwa wamekwisha kuachishwa kazi, na huduma zikaanza kuunganishwa na kliniki za kawaida, mahali wagonjwa wote hukaa benchi moja. Kuunganisha si jambo baya. Huenda hata kukapunguza aibu, maana hakuna tena mlango wa peke yake wa kunyoshewa kidole. Lakini nani sasa atafanya yale mazoezi na mama wa Ukunda? Nani atamfuata yule aliyekosa siku yake ya dawa? Muuguzi mwenye watu sitini wanaomngoja hawezi.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa makanisa, na wenzetu wa misikitini pia, kwa kuwa Kwale ni nyumba yetu sote. Kanisa kwa muda mrefu lilijua kuzika tu. Lakini wako waliotangulia kuonyesha njia. Gideon Byamugisha, kasisi wa Kianglikana wa Uganda, alifiwa na mkewe mwaka 1991, kisha akajua kwamba yeye mwenyewe ana virusi. Mwaka 1992 alisema hadharani. Wengi walitazamia afukuzwe, naye akabaki katika kazi yake. Baadaye alioa mjane aliyekuwa na virusi kama yeye, na kwa msaada wa dawa wakazaa watoto wasio na virusi. Yeye na wenzake waliunda mtandao wa viongozi wa dini barani Afrika wanaoishi na virusi, wakafundisha kwamba maneno ya usijamiiane, uwe mwaminifu, tumia kondomu, peke yake hayatoshi: ziwepo njia salama za kila namna, dawa, kupimwa kwa hiari, na elimu inayompa mtu nguvu.

Habari za kondomu zimegawanya makanisa, na hatudhani redio itamaliza ubishi huo. Lakini kwa mume na mke, ambao mmoja ana virusi na hesabu yake bado haijashuka, hatuoni mchungaji anaweza kuwakataza kwa sababu gani.

Liko jambo moja ambalo hatutalizungushia maneno. Wako wanaomwombea mgonjwa, kisha humwambia, "Umepona, tupa vidonge." Waganga wengine nao husema hivyo hivyo wakiuza mizizi yao. Mwombee mgonjwa kadiri uwezavyo! Lakini dawa zikiachwa, virusi vilivyojificha huamka, na kwa kawaida ndani ya majuma machache vimejaa tena katika damu. Mtu hasikii maumivu. Anajiona mzima, anarudi kwa mwenzi wake akiamini kwamba amepona, na hapo anayedhurika si mmoja, ni wawili. Anayetaka kujua kama amepona, akapimwe wingi wa virusi, na vidonge aviendeleze.

Mshirika anayetaka kusaidia hahitaji cheo. Akiaminiwa siri, aifunge. Anaweza kumsindikiza mtu kliniki siku ya kwanza, akakaa naye katika benchi. Anaweza kumkumbusha saa ya dawa kwa neno ambalo wengine hawalielewi; tumesikia majirani wanaoulizana tu, "Umefunga mlango?" Anaweza kutuma kibaba cha unga miezi ile hoteli zinapofunga, maana mtu mwenye njaa huogopa kumeza dawa tumbo likiwa tupu, na kuogopa huko kunaweza kuharibu kazi ya dawa.

Kabla hatujaagana, yako maswali mawili yanayoulizwa sana huku pwani. Mtu anayefunga Ramadhani anauliza kama aache dawa. Asiache. Dawa ambazo wengi wanatumia sasa humezwa mara moja tu kwa siku, kwa hiyo anaweza kupanga na mhudumu wake azimeze saa ya futari au saa ya daku, mradi asibadilishe kila siku.

Swali la pili ni la wavuvi wa Gazi, Shimoni na Vanga wanaokwenda dago, wakakaa ng'ambo hata miezi miwili mitatu wakifuata samaki. Wengine huacha dawa nyumbani kwa kuwaogopa wenzao wa chomboni. Bwana mvuvi, mwambie mhudumu kabla hujatweka. Mgonjwa ambaye hesabu yake imeshuka anaweza kupewa vidonge vya miezi mitatu kwa mara moja, na kitabu chake kikaandikwa kwamba yuko safarini. Viache katika kopo lake lile lile ulilopewa kliniki, kifuniko ukikaze maji yasiingie, na usiliweke juani wala karibu na injini. Andika juu yake tarehe ya kurudi kliniki. Na kama mwendo utakuwa mrefu kuliko ulivyodhani, ingia katika hospitali yoyote iliyo karibu na bandari uliyofikia, ukawaonyeshe kopo hilo kabla halijaisha.